Divai Ile Ile Katika Soksi Mbili

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima ambayo mdogo anapaswa kumpa mkubwa wake, na kwa mapenzi ambayo hayaamriwi na mtu. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, goti limekupa nafuu na kikohozi cha asubuhi kimekuacha. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, natembea hadi posta na kurudi bila kupumzika njiani. Kuhusu uzima mwingine, ule uliouliza wewe, nitakujibu humu humu, lakini nitakwenda kwa mpangilio, kwa sababu jambo lenyewe limenichanganya, na nikianza na jibu hutalielewa.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Hukuzunguka. Uliandika kwamba umesikia nimeunguza sufuria ya viazi hali nimekaa jikoni humo humo nasoma gazeti. Kwamba nimekunywa maziwa yaliyoharibika, nikaosha glasi, nikashukuru. Na kwamba kwa umri wetu mambo ya namna hiyo yana jina lake hospitalini. Kisha ukauliza, kwa mstari mmoja: je, kichwa chako bado kiko sawa? Ukaongeza kwamba nikishindwa kukujibu kwa ukweli, basi nifunge nyumba nije kuishi kwako, kabla sijajidhuru.

Nilikasirika, sitakuficha. Nyumba hii nimeishi tangu siku ya harusi yangu, na marehemu wifi yako aliniachia nikiwa na akili zangu zote. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili nilitafuta mahali pa kukupinga nisipaone, kwa sababu viazi viliungua kweli na maziwa niliyanywa kweli. Nilichokosa kilikuwa ushahidi wa upande wangu.

Siku hiyo hiyo binti yako akanipigia simu. Duka lake la vinywaji unalifahamu, lakini haya huenda hujayasikia: hoteli iliyo mwisho wa barabara yao inataka divai nyekundu moja ya kumimina kwa glasi mwaka mzima, iwe ya Australia, kwa kuwa wageni wao wameizoea, na iwe ya bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida hataiogopa. Mwagizaji anazileta za kila aina. Bei zake zinakaribiana, lebo zake zina picha za ndege na wanyama wanaokutazama kwa dharau, na hakuna ajuaye ipi inastahili bei yake. Hoteli ikiridhika na chaguo la binti yako, itanunua kwake. Isiporidhika, itahamia kwa yule jamaa wa barabara ya pili. Basi akataka kukusanya watu watatu waonje na kuhukumu, na mmoja wao niwe mimi.

Nilimkumbusha kwamba mimi si mtaalamu wa divai; ni mnywaji wa glasi moja siku za mapumziko. Akacheka. Akasema ndiyo maana ananitaka, kwa sababu wageni wa hoteli nao si wataalamu, na zaidi ya hapo hakuna mtu mjini aliyetoa alama nyingi maishani kuliko Mjomba wake.

Hapo, Dada, niliona mlango wangu. Nilijiambia kwamba mtu ambaye kichwa kimemtoka hawezi kuhukumu. Nitaketi, nitaonja, nitatoa alama zilizonyooka, kisha nitakutumia matokeo, na wewe utaniomba radhi. Nikamkubalia binti yako kwa sharti moja. Unakumbuka kazi yangu ya kusahihisha mitihani ya lugha ilivyokuwa. Katika kila rundo, mkuu wa wasahihishaji alikuwa akichomeka karatasi moja mara mbili, kwa mwandiko tofauti, pasipo mtu kujua ni ipi. Tuliiita karatasi ya mtego. Msahihishaji aliyeipa alama mbili zilizopishana mno alifukuzwa chumbani siku hiyo hiyo na kazi yake yote ikafutwa. Nikamwambia binti yako afanye vivyo hivyo: divai moja aimimine mara mbili, na mwamuzi atakayejipinga mwenyewe afutwe, hata akiwa nani. Kisha akasema, sawa, Mjomba.

Tulikutana Jumamosi katika stoo iliyo nyuma ya duka. Katoni zilifika darini. Katikati palikuwa na meza ya kukunja iliyotandikwa shuka jeupe, ili rangi ya divai isidanganye, na juu yake mkate mtupu, jagi la maji na glasi zilizosuguliwa mpaka zikaimba. Chini palikuwa na ndoo ya kutemea. Chupa zenyewe zilikuwa zimevalishwa soksi za kiume hadi shingoni, kila moja na rangi yake, tusione lebo. Soksi hizo ni za mkweo. Yeye mwenyewe alipita mlangoni, akaziona soksi zake zimesimama mezani zimejaa, akatazama miguu yake mitupu ndani ya viatu, akaondoka.

Waamuzi wenzangu nikutajie. Wa kwanza ni mpishi mkuu wa hoteli, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu waliovuka mto, ambaye hawezi kupita jambo bila kulidhihaki. Aliziangalia soksi akamwomba binti yako athibitishe kwamba zimefuliwa, la sivyo wote tutaandika harufu moja. Wa pili ni nesi mstaafu ambaye watu wote humwita Pua. Inasemekana alikuwa akisimama kwenye mlango wa wodi akajua kidonda cha nani kimeanza kuharibika kabla bandeji haijafunguliwa. Mwanamke mpole, anayesema kidogo na kukutazama sana.

Kazi ikaanza. Binti yako alimimina, sisi tukainua glasi kwenye mwanga, tukazungusha, tukanusa, tukaonja, tukatema. Pua aliingiza uso katika glasi kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Alisema ya kwanza ina zambarau mbivu, ina ngozi ya kiti kipya, na kwa mbali pilipili manga. Mpishi akasema yeye anasikia jemu iliyosahauliwa motoni. Nami nikaingiza pua yangu, nikavuta hewa kwa utaratibu nilioelekezwa. Walipouliza nasikia nini, nikajibu kwamba nasikia divai, na kwamba kama swali ni divai basi jibu langu limekamilika. Mpishi alipiga meza kwa kucheka hadi glasi zikagongana. Akasema, “Mwalimu, wewe ungewekwa mahakamani, kesi zote zingeisha saa nne.” Nikaona kwamba nimependwa, nikaendelea.

Nilikuwa na njia yangu. Nilihukumu kwa ulimi: uchachu kiasi gani, ukakasi kiasi gani, uzito kiasi gani mdomoni, na kama vyote vitatu vinakaa pamoja bila kugombana. Alama zilikuwa juu ya ishirini. Soksi nyekundu niliipa kumi na saba. Ilikuwa laini, imetulia, haina la ziada, na pembeni niliandika kwamba ina adabu. Soksi ya kijivu, iliyokuja baadaye sana, niliipa nane. Ilikausha fizi na kuchachuka kama ndimu, na pembeni niliandika kwamba haikulelewa.

Tulipomaliza, ndipo binti yako akatutajia bei, divai moja moja, na kutuuliza swali lake la pili: sasa kwa kuwa unajua gharama yake, ungeingia dukani ukainunua tena? Alituasa kwamba hatafuti divai bora kuliko zote, kwani hiyo ipo na haina mnunuzi. Anatafuta ile inayokupa zaidi ya ulicholipa. Soksi nyekundu ilikuwa miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, nami nilipolisikia hilo nilijisikia kama mtu aliyeokota. Nikaitetea kwa maneno yaliyopangika. Wenzangu walikuwa wanaipendelea ya soksi ya kijani, iliyoizidi bei kidogo tu, ambayo mimi nilikuwa nimeipa tano. Nilipomaliza kusema walitazamana. Nilidhani wameshangazwa na hoja zangu.

Binti yako alijumlisha. Akatangaza kwamba waamuzi wote watatu wameuruka mtego salama. Mpishi akakohoa. Akatangaza kwamba imeshinda soksi nyekundu, kwa tofauti ndogo. Mpishi akakohoa tena, akasema ni vumbi la katoni.

Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo. Jioni hiyo nilianza kukuandikia barua nyingine, Dada, tofauti na hii. Ilikuwa na majivuno. Nashukuru sikuimaliza.

Kesho yake nilipita dukani kumpongeza binti yako, na kwa udadisi wa kazi nikamuuliza ni divai ipi iliyomiminwa mara mbili. Alikuwa anafuta chupa vumbi. Akasema, bila kugeuka, kwamba ni ya soksi ya zambarau na ya soksi ya buluu. Soksi ya zambarau ilikuwa na divai nzito kiasi kwamba nilishika glasi nisikione kidole changu upande wa pili. Ya buluu ilipitisha mwanga kama kioo cha taa ya nyuma ya gari. Hizo haziwezi kuwa divai moja hata kwa kipofu. Nikamwambia hivyo. Akaendelea kuifuta chupa ile ile mpaka lebo ikaanza kubanduka.

Nikamwambia anitazame. Akasema, “Mjomba, tuyaache, imeshapita.” Nikamwambia kwamba mimi siachi jambo katikati na yeye analijua hilo tangu utoto wake. Ndipo akaweka kitambaa chini. Akasema ilikuwa nyekundu na kijivu. Divai ile ile, chupa mbili za katoni moja, zimefunguliwa kwa wakati mmoja.

Kumi na saba, na nane. Yenye adabu, na isiyolelewa.

Nilikaa juu ya katoni iliyokuwa karibu. Nikamuuliza kwa nini alidanganya mbele ya watu. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alisema kwamba umempigia simu, Dada, ukamwagiza aniangalie na akuletee habari. Akaniuliza, sasa angekuletea habari gani? Kwamba Mjomba ameitukana divai aliyoisifu nusu saa kabla? Alisema alipoona zile alama aliona ni heri hoteli inywe chochote kuliko mimi niondolewe nyumbani kwangu kwa sababu ya mchezo alioniitia yeye.

Sina kinyongo na wewe kwa kumtuma. Ningefanya hivyo hivyo. Lakini nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Njiani nilijipima. Nilizitaja ngeli zote za nomino kwa mpangilio, kisha kinyumenyume. Nilitaja majina ya darasa langu la kwanza kama yalivyokuwa kwenye rejista, pamoja na wale wawili waliohama. Nilipiga hesabu za kuzidisha mpaka mtu mmoja barabarani akanipisha. Hapakuwa na kosa. Sasa kichwa kinachoweza yote hayo kinawezaje kuipokea divai moja kama wageni wawili?

Nilikuwa nimenunua chupa ya ile ile. Nyumbani nikaimimina katika vikombe viwili, nikavionja. Nilikipenda cha kushoto. Nikavibadilisha nafasi, nikavionja tena, na bado nikakipenda cha kushoto, ambacho mwanzo kilikuwa cha kulia. Mara ya tatu nilikipa ushindi cha kulia, kwa sababu niliona cha kushoto kimependelewa vya kutosha. Hapo ndipo niliogopa, Dada. Niliketi na vikombe vyangu nikafikiri kwamba pengine ndivyo kunavyoanza: mtu anabaki na ngeli zake na rejista yake, lakini dunia iliyo mbele yake inamponyoka.

Lakini kanuni ilikuwa yangu. Mwamuzi anayejipinga anafutwa. Niliporudi kumwambia binti yako kwamba alama zangu zifutwe na ushindi uhesabiwe upya, alinishika mkono. Alisema oda imeshakwenda kwa mwagizaji. Alisema Mpishi akijua kwamba mmoja wa waamuzi alishindwa na yeye akaficha, atahamia kwa jamaa wa barabara ya pili, na kisha ataisimulia hoteli nzima, na hoteli itausimulia mji, na mji utakufikia wewe. Yote hayo nilikuwa nimeshayaona. Nilimwambia tu awaite.

Tukakutana tena stoo. Nilisimama, kwa kuwa mambo kama hayo hayasemwi mtu ameketi, nikaeleza kwamba nimeshindwa mtihani wangu mwenyewe, kwamba binti yako alificha kwa kunihurumia, na kwamba soksi nyekundu haikushinda. Nilitegemea ukimya. Mpishi akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema, “Mwalimu, afadhali umesema mwenyewe! Ile si divai, ile ni maji yaliyosuuza pipa.” Akasema alipanga kuipikia nyama, na wageni wakiuliza awaambie imekwisha. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu kwamba nilimfundisha yeye, nikamfundisha mkewe, nikamfundisha na mwenye hoteli; angeanzia wapi kuniambia kwamba nimekosea? Pua naye akakiri kwamba yeye aliipa tisa, mara zote mbili. Binti yako alikuwa anajua, Mpishi alikuwa anajua, Pua alikuwa anajua. Watu watatu wenye ndimi nzima walikuwa tayari kuunywesha mji divai mbaya mwaka mzima, kwa heshima yangu.

Kisha Pua akafanya jambo ambalo sikulielewa. Akasema, “Mwalimu, fumba macho.” Nikafumba. Akaniuliza nasikia harufu gani. Nikavuta hewa, nikasema sisikii kitu. Akaniuliza tena, na tena, na kila mara nilisikia minong'ono na vitu vikisogezwa. Mara ya mwisho Mpishi alikuwa anacheka kwa kujizuia. Nikasema nasikia hewa. Nilipofumbua macho, mezani palikuwa na pamba iliyolowa spiriti, kitunguu kilichokatwa na chupa ya dawa ya kusafishia vyoo. Na hatua moja kutoka usoni pangu palikuwa na kiatu cha Mpishi, kikiwa kimevuliwa baada ya siku nzima ya kazi. Binti yako alikuwa amekimbilia mlangoni ameziba pua.

Pua aliniuliza maswali kama wanavyouliza manesi, taratibu na bila kunihurumia. Nilipata mafua makali lini? Nikakumbuka yale ya mwaka jana, yaliyonilaza. Tangu hapo nimesikia harufu ya sabuni? Ya mvua? Ya kahawa? Nikamjibu kwa haraka kwamba kahawa naisikia kila asubuhi. Akaniambia nifikiri vizuri. Nikafikiri, na sasa sijui, Dada. Sijui kabisa. Nadhani kila asubuhi nimekuwa nikiikumbuka kahawa, si kuinusa, na kumbukumbu ilikuwa nzuri kiasi kwamba sikuona tofauti.

Alinieleza kwamba ulimi peke yake hauna mengi ya kusema. Unajua uchachu, utamu, uchungu, ukakasi, basi. Mengine yote ni pua. Na ulimi usio na pua ni rahisi kuyumbishwa. Soksi nyekundu niliionja baada ya mkate na maji, ikaonekana laini. Ya kijivu niliionja mara tu baada ya divai tamu mno, ikaonekana ndimu. Hata sisi wasahihishaji tulilijua hilo: insha ya wastani ikifuata insha bora, inaumia. Akasema nimwone daktari, kwamba huenda pua ikarudi na huenda isirudi. Kisha akanigusa bega akasema, “Kichwa chako hakina neno, Mwalimu. Kilichokufa ni pua.”

Siwezi kukueleza furaha niliyoipata. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika barabara ile. Viazi, maziwa, soksi, vyote vilikuwa na maelezo. Nilitaka kukimbia posta.

Linalofuata nilikusudia kukuficha. Jana nililiacha nje ya barua hii, leo asubuhi nimechana ukurasa na kuanza upya.

Nilikuwa nimeshavaa kofia yangu niondoke pale Pua aliponiuliza napikia nini. Nikasema gesi. Hakuna aliyecheka tena. Wakaamua kunisindikiza, wote watatu, nami nikalalamika njia nzima kwamba mimi si mgonjwa. Nilifungua mlango wangu. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye swichi ya taa, kwa mazoea, ndipo Mpishi akanikamata kifundo akanivuta nyuma kwa nguvu hadi nikaanguka ngazini. Alipiga kelele mtu yeyote asiguse chochote. Aliziba uso kwa aproni yake akaingia, nikamsikia anafungua madirisha moja baada ya jingine huku anatukana, kisha akatoka amekumbatia mtungi akaupeleka hadi katikati ya uwanja. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka nyuma ya jiko. Pua alisema aliisikia tangu getini. Binti yako alikuwa amekaa chini pembeni yangu, amenishika mguu kama mtoto.

Mimi sikusikia kitu. Hata baada ya kuambiwa, niliposimama kwenye mlango wangu mwenyewe, nyumba yangu ilikuwa ni nyumba yangu tu, imetulia, safi. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa humo saa nyingi nasoma. Niliwasha kiberiti kwa chai, Dada. Sijui kama mpira ulipasuka kabla au baada. Nimelifikiri mara nyingi na sipati.

Basi hili ndilo jibu lako. Kichwa changu kiko sawa, kimethibitishwa na nesi. Na nakwambia kwa ukweli ulioutaka: ningependelea kiwe kibovu, kwa sababu mwenye kichwa kibovu hajui, naye angebaki hapa na furaha yake. Mimi najua. Nalala na madirisha wazi na kula mkate mkavu, na nikiamka nakaa kitandani nikijaribu kunusa hewa ambayo hainiambii kitu. Chakula naweza kuletewa. Lakini hii hofu ya kukaa ndani ya nyumba isiyosema na mimi siwezi kuigawana na mtu aliye mbali.

Habari za binti yako ni njema, nisije nikazisahau. Mwagizaji alinung'unika lakini akabadilisha oda, na hoteli sasa inamimina ile ya soksi ya kijani. Mpishi amesema hahamii kokote, kwani kwa yule jamaa wa barabara ya pili hakuna anayemchekesha hivi. Ameniletea glasi moja niionje. Nimeipa kumi na mbili, naye amenisihi nisiiandike popote.

Binti yako ameniambia na jambo jingine, siku ile ya gesi, tulipokuwa bado tumekaa ngazini, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Alisema, “Mama anakuita ukaangaliwe, na Mama mwenyewe chai anaimimina nje ya kikombe.” Alitaka kuyarudisha maneno nikamzuia. Ameniambia kuhusu macho yako; kwamba la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, na kwamba umemwapisha asiniambie. Usimgombeze. Kwa mwaka huu amebeba siri zetu wote wawili, naye ni mmoja tu.

Kwa hiyo nakuja, Dada. Nitafunga nyumba baada ya kumwona daktari, na funguo nitamwachia binti yako. Utanieleza kilichoungua, nami nitakusomea kilichoandikwa. Majirani zako wakiuliza kwa nini nimehamia, waambie ni pua. Wakiuliza zaidi, waambie umeniita nikutunze wewe; sitakupinga mbele ya watu.

Wasalimie wote wa nyumbani, kila mmoja kwa nafasi yake. Mpishi na Pua wanakusalimu ingawa hamjaonana. Jihadhari na ngazi za mbele.

Utakuwa umeona kwamba barua yote nimeiandika kwa herufi kubwa kuliko mwandiko wangu wa kawaida. Huna haja ya kuniuliza kwa nini.

Ni mimi, mdogo wako mtiifu,

Mwalimu